Upande wa Mbele

Kiplagat, mkaguzi wa magari, aliinua shingo ya karavani, kile chuma cha kulivutia, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mfukoni. Ilipanda bila ubishi. Akaiachilia, na badala ya kuanguka chini shingo ikabaki juu, mkia wa karavani ukiwa umekaa kwenye changarawe.

"Ajali ni hii," alisema. "Hayo mengine ni hadithi."

Inspekta Wakonyo alimwambia arudie polepole, kisha akamwita konstebo mwenye kamera apige picha mbili, shingo ikiwa chini na shingo ikiwa juu. Walikuwa uani mwa kituo cha polisi, Bungoma, jua likichoma paa la karavani hilo kuukuu, jeupe, lililobomoka ubavu mmoja na kupoteza madirisha yake ya kushoto. Mlango wake ulikuwa nyuma. Juu ya mlango maandishi mekundu yalikuwa bado yanasomeka: NGIGE CHIPS NA KUKU.

Ngige alikuwa mfanyabiashara wa Kibomet, Kitale. Karavani alilinunua kwa mkulima mmoja mzungu aliyekuwa anahama, akaligeuza jiko la kutembea. Siku ya Jumatano alilituma Bungoma kwenye maonyesho ya kilimo, likivutwa na pikapu yake ya milango minne, dereva wake Kemboi akiwa kwenye usukani. Katika mteremko baada ya Kamukuywa karavani lilianza kuyumba. Likapiga mkia kushoto, likapiga kulia, mwisho likajitupa upande wa pili wa barabara na kumgonga mwendeshaji wa boda boda ya baiskeli aliyeitwa Wekulo, mtu wa Naitiri. Wekulo alifia hapo hapo.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kemboi alikuwa ndani ya seli, ukuta mmoja tu kutoka pale waliposimama. Kesho asubuhi lori la korti lingempeleka kusomewa mashtaka mawili. La kwanza, kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. La pili, kujaribu kuiba. Hilo la pili ndilo lililomtoa Wakonyo ofisi ya upelelezi, Kitale. Ngige alikuwa amefika Bungoma jioni ya ajali, akatazama mabaki, akarudi Kitale kuandikisha taarifa. Alisema mzigo ulipakiwa vizuri, jenereta ikiwa mbele. Alisema Kemboi alisimama Kamukuywa, akafungua karavani kwa ufunguo wa kuchongesha, akaiburuta jenereta hadi mlangoni ili amuuzie mtu. Mnunuzi hakutokea, naye akaendelea na safari jenereta ikiwa nyuma. Ndiyo maana karavani likayumba.

Taarifa hiyo ilishikana vizuri. Ikisimama kortini, Kemboi angefungwa kwa yote mawili.

"Nieleze kama mtu asiyewahi kuvuta hata mkokoteni," Wakonyo alimwambia Kiplagat.

Kiplagat alikuwa mtu wa kufurahia swali kama hilo. Alieleza kwamba trela la namna hii linakalia magurudumu yake mawili ya katikati kama ubao wa watoto wa kubembea. Ukiweka uzito upande wa shingo, shingo inaukanyaga mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu, na gari na mzigo vinakwenda kama kitu kimoja. Katika kila kilo mia za mzigo, angalau kumi zinatakiwa zikalie shingo. Ukiweka uzito mkiani, shingo inataka kupanda. Inaunyanyua mgongo wa pikapu, matairi ya nyuma yanakosa nguvu ya kushika lami, na siku hiyo mkia ndio unaoamua njia.

"Kwa mwendo wa polepole hutaona kitu," aliendelea. "Unatoka nyumbani unapiga mluzi. Ukifika mteremko, ndipo linaamka."

"Trafiki wanasema alikuwa anakimbia sana."

"Wanasema themanini. Yeye anasema hamsini. Kwa mzigo uliopangwa hivi, kwenye mteremko ule, hamsini inatosha kuua."

Wakonyo alianza na viungo vya karavani na pikapu. Mpira wa chuma haukuwa umepinda. Kishikio kilikuwa na pini yake. Minyororo miwili ya usalama ilikuwa haijakatika, na ilikuwa imepishanishwa chini ya shingo inavyotakiwa, ili shingo ikichomoka iangukie minyororo badala ya lami. Kiplagat alipima upepo wa matairi yaliyobaki mazima, akaridhika. Aliyefunga karavani hili kwenye pikapu, alisema, alikuwa anajua kufunga.

Kisha Wakonyo akaingia ndani. Viazi vya chips vilikuwa vimekwisha, kwa kuwa watu wa karibu na ajali walifika na magunia kabla ya polisi. Viti vya plastiki na sufuria vilikuwa vimerushwa kila upande. Kitu kimoja tu hakikuwa kimeondoka mahali pake, nacho kilikuwa jenereta ya dizeli, karibu kabisa na mlango. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kwenye pete za sakafuni, miguu yote minne, mafundo yakiwa yamekazwa hadi hayaingizi ukucha.

Wakonyo alichuchumaa akayatazama mafundo yale kwa muda. Mwizi anayengoja mnunuzi hafungi mali kama fahali wa mnadani.

Sakafu ilikuwa na karpeti mpya ya plastiki ya rangi ya majani. Aliipapasa kuanzia upande wa shingo hadi mlangoni. Hakukuwa na mkwaruzo. Baada ya picha kupigwa aliwaambia konstebo na Kiplagat wafungue kamba na kuiburuta jenereta kiasi cha shubiri moja. Walitoa jasho, na karpeti ikararuka papo hapo chini ya mguu wa chuma.

"Basi," alisema. "Mtu mmoja hawezi kuiinua. Akiiburuta, inaacha alama. Alama hakuna."

Mlangoni kufuli lilikuwa bado limefungwa. Komeo ndilo lililong'oka na misumari yake wakati karavani lilipopinduka.

"Kwa hivyo jenereta haijawahi kukaa mbele," alisema Kiplagat.

"Haijawahi."

"Ngige anadanganya."

"Ngige, au waliopakia. Usimfunge mtu kabla sijamwona."

Mkuu wa trafiki alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa haki, ila mwenye kazi nyingi mezani. Shtaka la wizi, alisema, linaweza kuondolewa leo hii. Lakini maiti iko mochari, na aliyeshika usukani ni Kemboi. Kama mzigo ulimponza, nani aliupanga hivyo, na dereva alijua nini? Wakonyo alete jibu lililoandikwa na kutiwa sahihi kabla ya lori la korti kuondoka asubuhi. Bila hilo, Kemboi anapanda.

Kemboi alikuwa mtu mzima wa Kapsokwony mwenye mkono mmoja uliofungwa bendeji. Alijibu kila swali akitazama sakafu. Jumatano asubuhi alilikuta karavani limekwisha kupakiwa na kufungwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Ngige, ambaye alisema atafuata baadaye. Yeye kazi yake ilikuwa kurudisha pikapu kinyumenyume, kufunga, kukagua taa na kuondoka. Baada ya Kiminini alihisi mkia unacheza. Kamukuywa akasimama, akakagua minyororo na magurudumu, akaona vyote ni vizuri. Akampigia Ngige simu kumwambia kwamba gari halitulii.

"Akasemaje?"

"Alisema niendelee, madam."

"Simu yako iko wapi?"

Ilipotea kwenye nyasi wakati wa ajali. Rekodi za kampuni ya simu zingepatikana kwa amri ya korti, na hiyo ingechukua siku nyingi. Katika taarifa yake Ngige hakuwa ametaja simu yoyote.

"Lilipoanza kuyumba ulifanya nini?"

"Nilikanyaga breki."

"Hukutakiwa."

"Sasa najua," alisema Kemboi. "Afande wa magari ameniambia. Unaachilia mafuta, unashika usukani sawa, unaacha lichoke lenyewe. Hakuna mtu alikuwa amenifundisha. Mimi nilikuwa naendesha lori la maziwa."

Wakonyo alipitia Kamukuywa akirudi Kitale. Mama mmoja muuza ndizi alikumbuka pikapu na nyumba yake ya magurudumu bila kulazimishwa.

"Arisimama hapa hapa, madam. Akazunguka, akapiga magurudumu teke, akaangaria minyororo. Mrango hakugusa."

"Halafu?"

"Akapiga simu. Arikuwa anapiga kerere, ati, 'Mzee, nyumba ndiyo inaendesha gari.' Turicheka, bana. Si tungejua kuna mtu atakufa."

Mzee yupi, hakujua. Kila mwenye mali ni mzee. Wakonyo aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea, mama akaweka kidole gumba.

Mpakiaji alimpata mtaa wa Matisi, Kitale, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akishusha saruji. Aliitwa Kipsang. Alikuwa mpana wa mabega, na hakupenda kuulizwa kitu mara mbili. Ndiyo, yeye na wenzake watatu ndio waliopakia karavani la Ngige, Jumanne. Mzee alikuwa barazani, akawaambia kwa sauti vitu vizito viwekwe mbele, kisha akaenda sokoni. Wakaweka mbele. Wakonyo akamwonyesha picha ya mafundo.

"Hiyo ni yangu," alisema Kipsang, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hakuna mwingine Kitale anafunga hivyo."

"Ulifunga mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Na hukufungua tena, wala kuhamisha?"

"Madam, nimekwambia. Tuliweka mbele, nikafunga, tukaenda."

Wakonyo alimtazama. Fundo lilikuwa lake. Jenereta ilifungwa mahali ilipokutwa, karibu na mlango, nyuma kabisa. Naye anaapa iliwekwa mbele. Alimuuliza tena kwa njia nyingine, akamtisha kidogo na korti, akamwambia wazi kwamba anaweza kulala ndani kwa kudanganya. Kipsang alikunja uso, akavua shati la vumbi, akavaa jingine.

"Twende kwa mzee basi," alisema. "Mwambie aniambie macho kwa macho kwamba sikuweka mbele."

Hilo ndilo alilotaka Wakonyo hata hivyo.

Nyumba ya Ngige, Kibomet, ilikuwa ya mawe, yenye uwanja mpana na ua mrefu wa kayaba, ile miti ya miiba. Ngige mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu hata saa hizo za jua. Alipomwona Inspekta alimkaribisha kwa Kikuyu. Alimuuliza ni wa mbari ipi, na kama baba yake si yule aliyekuwa na shamba karibu na Kiminini. Wakonyo alimjibu kwa Kiswahili kwamba baba yake hayumo katika kesi hii. Mke wa Ngige, Mama Gicheru, alitoka na chai kwenye sinia, akawapa wote, Kipsang pia, kisha akasimama kando ya mlango wa jikoni.

Ngige aliirudia taarifa yake neno kwa neno. Alisema mbele. Alisema kwa sauti, barazani, na hata mke wake alisikia. Mama Gicheru alitikisa kichwa kukubali. Kipsang naye akasema ndiyo, mzee alisema mbele, na ndivyo walivyofanya.

Watu watatu, neno moja, na hakuna aliyesita. Wakonyo aliweka kikombe chini.

"Lilikuwa limesimama wapi mlipokuwa mnapakia?"

Ngige alimwonyesha. Palikuwa na mawe manne, na katikati yake nyasi nyeupe zisizoona jua kwa muda mrefu. Karavani lilikuwa limekaa hapo tangu linunuliwe. Upande mmoja kulikuwa na ua wa kayaba, na pengo jipya lililokatwa kwa panga ili pikapu iingie kinyumenyume kulichukua. Upande wa pili kulikuwa na njia nyembamba ya matofali kutoka barazani, na mwisho wake makopo mawili ya maua, moja kushoto na jingine kulia.

"Pengo hili mlikata lini?"

Asubuhi ya safari, Ngige alisema. Kabla ya hapo shingo ilikuwa imezama ndani ya kayaba, hata haionekani.

"Kipsang," alisema Wakonyo. "Karavani liko hapa sasa. Nenda usimame mbele yake."

Kipsang alikwenda bila kufikiri. Alisimama mwisho wa njia ya matofali, katikati ya makopo ya maua.

"Mzee Ngige. Na wewe simama mbele yake."

Ngige alicheka kidogo, akatembea, akasimama kwenye pengo la kayaba.

Walitazamana, yale mawe manne na nyasi zile nyeupe zikiwa kati yao. Mama Gicheru alikuwa wa kwanza kushika mdomo.

"Huko ni nyuma, mzee," alisema Kipsang.

"Nyuma gani? Huku ndiko linakovutwa. Gari linaangalia linakokwenda."

"Hii haikuwa gari. Ilikuwa nyumba. Mlango huu hapa, jina lako hapa juu, mama ameweka maua. Mbele ya nyumba ni mlangoni. Nani anaingia kwa mtu kupitia miiba?"

Wakonyo alichora mchoro kwenye karatasi, akaandika mahali kila mmoja aliposimama, akawapa watie sahihi. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na mwongo katika neno lile. Mwenye karavani aliliona gari, wapakiaji wakaliona nyumba, na jenereta ikawekwa mbele ya nyumba, yaani mlangoni. Alimwambia Kipsang anaweza kwenda, na kwamba atahitajika kortini kama shahidi. Kipsang akasema mafundo yake atayaeleza popote, akaondoka bila kumaliza chai.

Ngige alirudi barazani akijifuta jasho na kucheka. Faraja ilimfanya mkarimu. Alisema haya ni mambo ya bahati mbaya, neno moja tu, wala hakuna mwenye kosa. Yule Kemboi ni mtu mzuri. Yeye Ngige atafuta ile habari ya wizi, alikasirika tu kwa kuona mali yake imeharibika. Hata rambirambi atapeleka Naitiri. Akamwambia mkewe amwongezee Inspekta chai.

"Nimeshiba," alisema Wakonyo. "Ulijuaje kwamba Kemboi alisimama Kamukuywa?"

"Eh?"

"Katika taarifa yako ya jana usiku. Ulisema alisimama Kamukuywa. Polisi wa Bungoma hawakujua. Mimi nimelisikia leo, kwa Kemboi mwenyewe na kwa mama wa ndizi. Wewe wakati huo ulikuwa hapa Kitale. Nani alikuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa njiani. Si unajua habari inavyotembea. Halafu madereva wote husimama Kamukuywa."

"Nipe jina moja."

Ngige alivua kofia, akaivaa tena. Aliangalia ua wake wa kayaba kana kwamba jina lingetokea pengoni. Akasema ni mtu aliyempita sokoni, hakumshika sura.

Mama Gicheru aliweka sinia juu ya meza. Hakuliweka kwa nguvu.

"Kemboi alipiga simu," alisema.

Ngige akamwambia kwa Kikuyu arudi jikoni. Yeye akabaki pale pale, na akaendelea kwa Kiswahili.

"Inspekta, nilikuwa nammiminia uji. Simu alikuwa ameishika hivi, mbali na sikio, kwa sababu Kemboi alikuwa anapaza sauti. Alisema, 'Mzee, nyumba ndiyo inaendesha gari.' Alisema pia kama mzee angemletea ufunguo, angetafuta watu hapo Kamukuywa wapange mzigo upya."

"Na mzee akajibu nini?"

"Alisema aache woga wa wanawake, aendeshe. Watu wa maonyesho wakikuta nafasi iko tupu wanampa mwingine."

"Mama Gicheru," alisema Ngige.

"Baba Gicheru, mtoto wa mtu amekufa, na wa mwingine unampeleka jela. Nilingoja jana useme mwenyewe. Nilingoja hata leo asubuhi."

Wakonyo alikuwa tayari anaandika. Maneno ya mama wa ndizi yalikuwa kwenye ukurasa uliotangulia, na hakuwa amemtajia mtu yeyote Kitale. Alimgeuzia Mama Gicheru daftari asome kabla ya kutia sahihi, naye akasoma kwa utulivu, akasahihisha neno moja, akaandika jina lake mwenyewe, Wakiuru.

"Mimi si fundi," alisema Ngige. "Ningejuaje kwamba ni mzigo?"

"Hukuhitaji kujua ni nini. Dereva alikuambia gari halishikiki, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Ulihitaji kusema ngoja. Neno moja tu, kama unavyosema."

"Nilifikiri anatafuta kisingizio."

"Jana jioni ulipoiona jenereta iko mlangoni ulijua si kisingizio. Ndipo ukatengeneza mwizi." Alifunga daftari. "Chukua koti lako, mzee. Utalala kituoni Kitale, asubuhi tunaondoka pamoja."

Ngige alimtazama mke wake. Mama Gicheru alikuwa amekwisha kwenda kuleta koti.

Asubuhi, Bungoma, lori la korti lilikuwa limeshawashwa na wafungwa wakihesabiwa. Kemboi alikuwa kwenye mstari, amefungwa pingu pamoja na mtu aliyeshtakiwa kwa pombe haramu ya chang'aa. Mkuu wa trafiki alisoma karatasi zote akiwa amesimama, ripoti ya Kiplagat kwanza, kisha mchoro, kisha sahihi ya Wakiuru. Aliuliza maswali mawili ya maana, akaridhika na majibu. Akampigia simu mwendesha mashtaka. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye mstari na kumwambia konstebo afungue pingu upande mmoja.

Mashtaka ya Kemboi yaliondolewa yote mawili. Angekuwa shahidi. Ngige alipanda lori badala yake, kujibu mashtaka ya kutoa taarifa ya uongo kwa polisi na kuruhusu gari la hatari liendelee barabarani huku akijua. Alipopita karibu na Kemboi alishusha kofia usoni, akapanda.

Kemboi hakuondoka. Alisimama karibu na meza ya mapokezi, akijisugua kifundo cha mkono.

"Madam, huyu Wekulo. Kwao ni Naitiri sehemu gani?"

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye nilikuwa na usukani."

Wakonyo hakumpaka mafuta. Alimwambia ni kweli. Alijua linayumba, na bado akaondoka Kamukuywa kwa kuwa aliambiwa aondoke. Sheria imemwachilia, lakini hilo atalisema kortini mwenyewe, bila kulipunguza, na akitaka kulisema Naitiri pia hakuna atakayemzuia. Kisha akatoka nje kupiga simu. Alizungumza na chifu wa huko, chifu akampa simu baba mdogo wa marehemu, na mazungumzo yakawa marefu kuliko alivyotarajia.

Aliporudi, Kemboi alikuwa bado amesimama pale pale.

"Amesema uje," alisema Wakonyo. "Amesema wengine hawataki kukuona, lakini yeye anataka kusikia kwa mdomo wako ilivyotokea. Uje sasa, mchana, kabla vijana hawajakusanyika. Chifu atakuwepo, na mimi nitakuwepo."

Kemboi aliitikia kwa kichwa. Alijitazama shati, lililokuwa na damu iliyokauka kwenye mkono mmoja na harufu ya sakafu ya seli.

"Kuna maji hapa? Siwezi kuingia matangani hivi."

Wakonyo alimwonyesha bomba nyuma ya ofisi. Akachukua funguo, akatangulia kwenye gari.